Bika, silinda, pipeti au bureti? Uzi wa kuchagua vifaa vya kupimia ujazo maabara

Fundi_Sanifu

Habari za jioni wakuu.

Shule nyingi sasa zinaandaa orodha za manunuzi ya maabara, na orodha ninazoombwa kuzipitia zinafanana: bika za kila ukubwa, silinda za kioo kwa madazeni, halafu pipeti chache na bureti za bei ya chini kuliko zote sokoni. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana anayeumia ni mwanafunzi. Anaingia kwenye mtihani wa vitendo, anafanya kila alichofundishwa, majibu yake hayakubaliani, na hana namna ya kujua kwamba kosa lilikuwemo kwenye kifaa kabla hajakishika.

Kanuni ninayoifuata ni hii. Kabla ya kuuliza bei, jiulize kazi hiyo inavumilia kosa la kiasi gani. Kisha tafuta kifaa ambacho kosa lake ni dogo kuliko hapo.

Tuchukue mfano wa ml 25 za myeyusho wa besi kwa ajili ya titresheni, yaani kutiririsha asidi kwenye besi mpaka zibatilishane ili kujua mkolezo. Ukitumia silinda ya ml 50 ya daraja B (daraja A ndilo sahihi zaidi), kiwango cha kimataifa kinairuhusu kukosea hadi ml 1 juu au chini. Katika ml 25 hiyo ni asilimia 4. Pipeti ya tumbo (bomba la kioo lenye uvimbe katikati na mstari mmoja) ya ml 25 ya daraja B inaruhusiwa kukosea ml 0.06 tu, yaani kama robo ya asilimia moja, na ya daraja A ni ml 0.03. Bika nisiizungumzie sana: watengenezaji wengi huandika wenyewe kwamba mistari yake ni ya kukadiria, kwa kawaida ±5%. Bika ni chombo cha kuchanganyia, kupashia moto na kubebea. Si kipimo.

Sababu ya tofauti hii iko kwenye upana wa chombo pale unaposoma. Jicho la mtu makini likipotoka milimita moja tu, kwenye bika ya ml 100 umekosea karibu ml 2. Kwenye silinda ya ml 50 umekosea kama ml 0.4. Kwenye bureti ya ml 50 ni ml 0.1, na kwenye shingo nyembamba ya pipeti ni sehemu ndogo sana, kama ml 0.02. Jicho ni lile lile na kosa la jicho ni lile lile, ila bomba jembamba linalipunguza. Ndiyo maana chupa ya ujazo ina tumbo kubwa na shingo nyembamba, na mstari wake uko shingoni.

Kwa hiyo mgawanyo wa kazi, kwa maoni yangu:

Silinda ni ya kazi zisizotaka usahihi: kumimina ml 10 za asidi kwenye jaribio la kutambua chumvi, kupima maji ya kuyeyushia, kujifunza kusoma kipimo kidato cha kwanza. Pipeti ya tumbo hutoa ujazo mmoja tu na huutoa vizuri mno. Bureti ni kwa pale ambapo hujui mapema utahitaji kiasi gani, unatiririsha mpaka kiashiria kibadilike rangi. Chupa ya ujazo ni ya kutengenezea myeyusho wenye mkolezo unaojulikana. Ukiyeyusha gramu 10.6 za sodiamu kaboneti isiyo na maji katika chupa ya ujazo ya lita 1 daraja A, kosa la ujazo ni ml 0.4 katika 1000. Ukifanya hivyo hivyo kwenye bika, ule mkolezo wa 0.1 M (moli kwa lita) unaweza kuwa popote kati ya 0.095 na 0.105. Hapo hata mwanafunzi bora atapata jibu lisilolingana na la mwalimu.

Jambo la pili la kuangalia dukani ni maandishi kwenye kioo. Utakuta "In" au "TC", maana yake mstari unaonyesha kiasi kilichomo ndani. Chupa za ujazo ziko hivi, na silinda nyingi pia. "Ex" au "TD" maana yake mstari unaonyesha kiasi kitakachotoka ukimimina. Pipeti na bureti ziko hivi. Anayetumia chupa ya ujazo kumimina "lita moja kamili" anasahau maji yanayobaki yameshika kutani. Kioo kisicho na daraja, kisicho na In wala Ex, kisicho na nyuzijoto, kiacheni dukani.

Karibuni kwa maswali.

---

Mwl_Kemia_Kusini

Mkuu asante sana kwa uzi huu. Nipo mkoani Ruvuma, shule ya kata, kidato cha nne wanaosoma kemia wako 80. Bajeti ni ndogo mno. Swali langu ni la kweli kabisa: kwa nini nisitumie silinda badala ya pipeti? Kama wote wanatumia silinda, kosa ni sawa kwa wote, na mimi nitafanya titresheni kwa silinda hizo hizo nipate jibu la kulinganisha.

---

Fundi_Sanifu

Mwalimu, swali zuri, na najua unaliuliza kutoka wapi.

Kosa lisingekuwa sawa kwa wote. Silinda 40 zina makosa 40 tofauti, moja imezidi nusu mililita, nyingine imepungua. Juu ya hapo kila mwanafunzi anasoma kivyake. Na mwanafunzi mmoja akipima mara tatu kwa silinda ile ile, hawezi kuirudia ml 25 kwa namna moja. Akizidisha ml 0.5, asidi itakayotoka kwenye bureti nayo itazidi kwa asilimia 2, yaani karibu ml 0.5 nyingine. Masomo yake matatu ya bureti yatakuwa 24.6, 25.3, 24.9, na atadhani tatizo ni mkono wake.

Kama pipeti hazitoshi, zipo njia mbili bora kuliko silinda. Wanafunzi wawili wanaweza kushirikiana pipeti moja katika mazoezi, kwa sababu pipeti inatumika muda mfupi tu katika kila mzunguko. Ama tumia bureti ya pili kutolea hizo ml 25. Bureti ya ml 50 daraja B inaruhusiwa kukosea ml 0.1, ni duni kuliko pipeti lakini ni bora mara kumi kuliko silinda.

Halafu kuna jambo linalosahaulika: watahiniwa 80 unawaandalia myeyusho wapi? Nadhani kwenye ndoo.

---

Mwl_Kemia_Kusini

Ndoo, ndiyo. Lita 12, ile ya alama pembeni.

---

Fundi_Sanifu

Hapo ndipo palipo na hatari kubwa kuliko pipeti zote. Alama za ndoo zisahau kabisa. Ndoo iwe ya kuchanganyia tu, safi na kavu, yenye nafasi ya kutosha, na kipimo kiwe chupa ya ujazo ya lita 1.

Kwa lita 12 za sodiamu kaboneti 0.1 M unahitaji gramu 127.2 zisizo na maji. Pima gramu 63.6, yeyusha kwenye bika kwa maji kiasi, hamishia kwenye chupa ya ujazo kwa faneli, suuza bika mara mbili tatu na maji ya suuzo yaingie humo humo, kisha jaza hadi mstari. Mimina ndooni. Rudia na gramu 63.6 nyingine. Halafu ongeza maji yaliyokenekwa kwa chupa hiyo hiyo mara 10. Kinachobaki kutani baada ya kumimina ni kama mililita moja katika elfu, kwa kazi ya shule hakina madhara, hasa ukiacha chupa ichuruzike kidogo kabla ya kuirudisha. Koroga sana, na koroga tena kabla ya kugawa. Myeyusho usiokorogwa vizuri huwapa wa meza za mbele mkolezo mmoja na wa nyuma mwingine.

Chupa moja nzuri ya ujazo, ya daraja A, inawahudumia wanafunzi wote 80. Hiyo ndiyo pesa ninayosema iende panapohitajika.

---

Pwani_Lab

Salamu kutoka Mombasa. Mada hii nimeipenda. Huku kwetu tunawafundisha wanafunzi wa KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) wachukue wastani wa masomo yasiyopishana zaidi ya 0.2 cm³, na ukitumia silinda hilo halitimii kamwe, kwa hiyo nakuunga mkono ndugu yangu.

Nina jambo la joto. Karibu kila kioo kimeandikwa 20°C, yaani joto ambalo kilisanifiwa kwalo. Maabara yetu mchana ni 30 au zaidi. Je, vipimo vyote si ni vya uongo basi?

---

Fundi_Sanifu

Ndugu, si vya uongo, ila inategemea unafanya nini.

Kioo chenyewe hutanuka kidogo sana. Chupa ya lita 1 ya kioo cha borosiliketi ikipanda nyuzi 10 inaongezeka kama ml 0.1, hiyo iache. Kinachotanuka ni maji. Mililita moja ya maji kwenye 20°C ina gramu 0.9982, kwenye 30°C ina gramu 0.9957. Tofauti ni robo ya asilimia. Katika ml 25 hiyo ni karibu ml 0.06, yaani mara mbili ya kosa linaloruhusiwa kwenye pipeti ya daraja A.

Kwenye titresheni makosa haya hufutana, kwa sababu besi kwenye pipeti na asidi kwenye bureti zote ziko kwenye joto lile lile. Hatari inakuja pale myeyusho unapotengenezwa asubuhi ukiwa baridi, au ukiwa bado moto baada ya kuyeyusha sodiamu haidroksaidi, kisha ukatumika ukiwa na joto jingine. Haidroksaidi ikiyeyuka hutoa joto jingi. Acha ipoe hadi joto la chumba ndipo ujaze hadi mstari. Ukijaza ikiwa moto, ikipoa utaona imeshuka chini ya mstari.

Viwango vya kimataifa pia vinaruhusu vioo vilivyosanifiwa kwa 27°C kwa nchi za joto. Ukibahatika kuvipata kwa bei inayofaa, kwa ukanda wa pwani ni chaguo zuri. Ila usichanganye vya 20 na vya 27 katika kazi moja.

---

Pwani_Lab

Nimeelewa, shukrani. Na plastiki? Kioo huvunjika kila muhula.

---

Fundi_Sanifu

Kwa silinda na bika, plastiki ya polipropilini nunua bila wasiwasi. Haivunjiki, inavumilia asidi na besi za kawaida za shule, na maji ndani yake hayapandi kingoni kama kwenye kioo, uso unakuwa karibu bapa, hivyo ni rahisi kwa mtoto kusoma. Usiipashe moto juu ya kichomeo na usiweke vimumunyisho kama toluini.

Kwa pipeti na chupa za ujazo za kazi nyeti, bado nasema kioo. Na bureti chukua ya kioo yenye koki ya tefloni, si koki ya kioo. Sodiamu haidroksaidi ikiachwa kwenye koki ya kioo huigandisha, mtu anailazimisha, inavunjika. Bureti nyingi zinazotupwa shuleni zimeharibikia kwenye koki tu, bomba lenyewe ni zima.

---

Dada_Hematolojia

Habari zenu. Naona wote ni walimu, niongeze upande wa hospitali. Nipo Mwanza, maabara ya damu.

Sisi shida yetu ni mikropipeti, pipeti za kitufe za kupimia ujazo mdogo sana, kwa mikrolita (sehemu ya elfu ya mililita). Watu wanadhani kwa kuwa ina namba na kitufe basi ni sahihi kwa kila kiasi. Mikropipeti ya mikrolita 1000 inaruhusiwa kukosea mikrolita 8. Ukitoa 1000 hiyo si kitu. Ukiitumia kuchukua mikrolita 20 za damu, hizo 8 ni karibu nusu ya sampuli. Hesabu ya chembe nyeupe kwa mkono inataka damu mikrolita 20 ndani ya ml 0.38 za kimiminika cha Türk (cha kuzimulia damu), ili uwiano uwe 1 kwa 20. Ukikosea hapo, mgonjwa anaandikiwa namba isiyo yake.

Kwa hiyo chagua mikropipeti ambayo kiasi chako kiko katikati au juu ya uwezo wake. Kwa mikrolita 20 tumia ya 20, ambayo kosa linaloruhusiwa ni mikrolita 0.2 tu. Kwa 150 tumia ya 200. Ishike wima, usiizamishe sana kwenye sampuli, lowesha tipu mpya (ncha ya plastiki inayobadilishwa) kwa kuvuta na kurudisha mara moja au mbili kabla ya kuchukua kipimo chenyewe. Na tipu ziwe zinazokaa barabara. Tipu ya bei rahisi inayovujisha hewa inaharibu mikropipeti ya bei ghali.

---

Fundi_Sanifu

Dada, ubarikiwe kwa mchango huu. Hiyo ya kuchagua kiasi kiwe upande wa juu wa uwezo wa kifaa inahusu hata silinda. Kupima ml 8 kwa silinda ya 100 ni kosa lile lile.

---

Kijana_Chuo

Samahani wakuu, mimi nimefundishwa kwamba tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti lipulizwe ili ujazo utimie. Na tulikuwa tunavuta kwa mdomo. Je, ni sawa?

---

Fundi_Sanifu

Mdogo wangu, kwa pipeti ya tumbo yenye mstari mmoja, usipulize. Mtengenezaji ameshalihesabu tone hilo, ndiyo maana ya "Ex". Iache imiminike yenyewe, gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski kwa sekunde chache, ondoa. Ukipuliza unazidisha. Zipo pipeti za mistari mingi zinazotakiwa kupulizwa, nazo kwa kawaida huwekewa pete mbili karibu na mdomo wa juu.

Kuvuta kwa mdomo hapana, hata kama ni maji. Mtu huzoea kwa maji, kesho anavuta asidi au sampuli ya mgonjwa. Mpira wa kuvutia pipeti uwekwe kwenye orodha ya manunuzi pamoja na pipeti yenyewe, kwa idadi ile ile.

Na kuhusu kusoma: jicho liwe sawa na uso wa kimiminika, soma chini ya mbonyeo, yaani pale uso huo unapobonyea katikati. Kwa pamanganeti ya potasiamu, ambayo ni ya zambarau iliyokoza huoni chini, soma ukingo wa juu, mwanzo na mwisho, usibadilishe katikati.

---

Mama_Sabuni

Jamani mimi si mwanamaabara, natengeneza sabuni za mche nyumbani Tanga. Nimefuata huu uzi kwa sababu nami napima vimiminika kila siku. Nina jagi la jikoni la lita moja lenye mistari. Kanuni yangu inasema mafuta ya nazi kilo moja, mimi naweka lita moja. Wateja wengine wanalalamika sabuni inakausha mikono. Ninunue silinda gani?

---

Fundi_Sanifu

Dada yangu, usinunue silinda. Nunua mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja.

Lita moja ya mafuta ya nazi si kilo moja, ni takriban gramu 920. Kanuni imekupa kiasi cha magadi makali (sodiamu haidroksaidi) ya kutosha kilo nzima, wewe umeweka mafuta pungufu kwa asilimia 8. Kanuni nyingi za sabuni huacha mafuta ya ziada kama asilimia 5 kwa ajili ya ngozi, hivyo yako yote yameliwa na magadi bado yanabaki kwenye sabuni. Hayo ndiyo yanayokausha mikono. Mche uliokwisha kutoka hivyo usiuuze wa kuogea.

Pima mafuta, magadi na maji, vyote kwa gramu. Magadi usipime kwa kikombe kabisa, ya vipande bapa na ya punje hayajazi kikombe kwa uzito mmoja, na yakikaa wazi hunyonya unyevu wa hewa. Tia magadi kwenye maji kidogo kidogo, si maji kwenye magadi. Na chombo kisiwe sufuria ya alumini, magadi huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Tumia ndoo ya polipropilini au chuma cha pua. Miwani na glavu.

---

Mama_Sabuni

Asante sana kaka. Kesho natafuta mizani. Hii ya gramu 920 sikuwahi kuambiwa na mtu.

---

Mwl_Kemia_Kusini

Mkuu narudi kwako. Nimekaa na mkuu wa shule tukaipunguza orodha ya silinda za kioo na bika. Nipe mwongozo wa mwisho, niandike nini?

---

Fundi_Sanifu

Mwalimu, kwa watahiniwa 80 wanaofanya kwa zamu mbili, yaani meza 40:

Bureti 40 za ml 50, koki ya tefloni, daraja B inatosha, na kadhaa za akiba. Pipeti za tumbo ml 25 daraja B, 40 kwa siku ya mtihani, kwenye mazoezi mnaweza kushirikiana. Angalia kwanza mitihani iliyopita, kama mnatumia ya 20 au 25, pipeti haibadiliki. Mipira ya kuvutia kwa idadi hiyo. Chupa ya ujazo ya lita 1 daraja A mbili, na za ml 250 chache. Silinda za polipropilini za ml 10, 50 na 100, si lazima kila meza. Flaski za koni kwa wingi. Bika zilizopo zinatosha.

Mzigo ukifika usisaini kabla hujapima sampuli. Chukua pipeti tano bila kuchagua. Weka flaski ndogo yenye kifuniko kwenye mizani inayosoma gramu 0.01, ipime, toa ml 25 za maji yaliyokenekwa yaliyokaa chumbani tangu jana yake, funika, pima tena. Kwenye 25°C unatarajia gramu 24.90, kwenye 30°C gramu 24.87. Nimeshatoa athari ya hewa kwenye mizani, kwa hiyo usizidishe tena. Pipeti ya daraja B ikiwa nzima, kwenye 30°C itasoma kati ya 24.81 na 24.93. Rudia kila moja mara tatu. Zikikupa 24.5 au 25.3, rudisha mzigo wote. Kama mtu wa duka atabisha, waombe TBS (Shirika la Viwango Tanzania), wana maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo.

---

Mwl_Kemia_Kusini

Mizani ya 0.01 tunayo. Kipimajoto pia. Naandika barua ya zabuni leo, nitaweka sharti la kupima sampuli kabla ya kupokea.

---

Dada_Hematolojia

Mwalimu ongeza kwenye barua hiyo: daraja na nyuzijoto viwe vimechapwa kwenye kioo chenyewe, si kwenye boksi. Boksi hubadilishwa.